Kwa nini gemu za mahandaki za enzi za 80 hazichuji mpaka leo?

#1 Mlango wa Tatu
Habari za Jumapili wakuu.

Niende moja kwa moja. HeroQuest, gemu ya mezani, ilitoka 1989. Ubao mmoja wenye vyumba na korido, mashujaa wanne (mbabe wa upanga, mbilikimo, elfi na mchawi), dadu, na mtu mmoja anayekaa upande wa pili wa meza nyuma ya kadibodi. Huyo ndiye mwenye mahandaki na mazimwi yote. Mashujaa wanafungua mlango, wanakutana na mambo yao, wanapigana, wanaokota dhahabu, wanatafuta njia ya kutokea. Basi.

Tangu hapo zimetoka gemu za aina hiyo kibao, zimesukwa vizuri zaidi, picha kali, sheria zenye akili. Lakini jamaa yangu wa Kijitonyama ana kabati zima la hizi gemu, na wageni wake kila mara wanaomba ile ile ya kizamani. Mtu akiniambia ni kumbukumbu za utoto namwelewa, ila pale kuna watoto waliozaliwa juzi tu na wao wanaomba hiyo hiyo. Utoto gani wanaukumbuka?

Wenye ufahamu nifungueni.

#2 Sina Haraka
Nimekaa paleee na kahawa yangu na kashata.

#3 Chizi wa Keramu
Mkuu mbona jibu liko wazi. HeroQuest ndiyo mama wa gemu zote za mahandaki. Wa kwanza ni wa kwanza, hao wengine wanaiga.

#4 Maktaba ya Upanga
Chizi, mama gani huyo aliyezaliwa baada ya wanawe? Dungeon! ya David Megarry ilichapishwa na kampuni ya TSR mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya ile gemu ya kuigiza ya Dungeons & Dragons, na Megarry alikuwa kijiwe kimoja na Dave Arneson, mmoja wa walioibuni. Mle hakuna kusaidiana, kila mtu anagombea hazina yake. Wasweden nao wakaja na Drakborgen 1985: unaingia kwenye ngome ya joka mchana, jua likizama hujatoka, habari yako imekwisha. Wengi hawatoki. Kampuni ya Uingereza, Games Workshop, wakaichukua wakaiuza kwa jina la DungeonQuest.

Mpaka Stephen Baker anaisuka HeroQuest kule kampuni ya Milton Bradley, kwa ushirikiano na hao hao Games Workshop, njia ilishalimwa siku nyingi. Kwa hiyo "ya kwanza" siyo sababu. Tafuta nyingine.

#5 Chizi wa Keramu
Sawa profesa. Ya kwanza kufika Kariakoo basi.

#6 Maktaba ya Upanga
Hata Kariakoo haikufika.

#7 Mzee wa Namua
Vijana mnanishangaza. Mtu mzima anarusha dadu ajue kama ameua panya au hajaua, halafu anajisifu ameshinda. Ameshinda nini? Dadu ndiyo imeshinda.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mtu anaanza na 22 mkononi, zingine ziko ubaoni mnaziona wote. Hakuna kilichofichwa, hakuna bahati. Ukifungwa umefungwa wewe na akili yako. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, hakuhitaji mbilikimo wa plastiki.

#8 BintiTabata
Shikamoo Mzee wa Namua. Bao tunaliheshimu ila naomba nijibu swali la mleta mada, maana mimi hii gemu nimekua nayo.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya 90 alirudi na boksi la HeroQuest kutoka Uingereza, sijui alilipata wapi, halikuwa jipya. Baba ndiye alikuwa anasoma Kiingereza chake anatutafsiria papo kwa papo, na nina uhakika nusu ya sheria alizitunga.

Sasa nikwambieni kilichotukamata. Siyo mazimwi. FANICHA. Chumba ukikifungua haliwekwi karatasi lenye picha, inawekwa meza yenyewe. Kabati la vitabu lenyewe. Meko, jeneza la jiwe, sanduku la hazina, na vipanya vidogo na mafuvu unayapachika juu ya kabati. Ubao unaanza mtupu, mpaka mwisho wa mchezo umekuwa nyumba ya watu. Dada yangu hata kucheza hakuwa anacheza, anasubiri tumalize achukue fanicha zake za mchezo wa baba na mama. Gemu nyingi zilizokuja baadaye zimenipa vipande vya kadibodi vilivyochorwa meza. Siyo kitu kimoja.

#9 Chizi wa Keramu
Kama shida ni fanicha si uende Keko dada? Tena wanapiga na vanishi.

#10 BintiTabata
🤣🤣 Keko walinitengenezea kitanda, bado nakisubiri. Zargon, yule adui mwenye mahandaki, hajawahi kunichelewesha hivyo.

#11 Mwalimu wa Namba
Mzee wa Namua amesema dadu ndiyo inashinda. Naomba nilete hesabu, maana dadu ya HeroQuest siyo dadu ya ludo.

Ina pande sita: tatu zina fuvu, mbili ngao nyeupe, moja ngao nyeusi. Fuvu ni pigo. Shujaa anajikinga kwa zile nyeupe, zimwi linajikinga kwa ile nyeusi moja. Yaani kwa kila dadu ya kinga shujaa ana nafasi 1 kati ya 3, zimwi lina 1 kati ya 6. Dadu ni zile zile, meza moja, ila zinampendelea mmoja.

Mbabe anashambulia kwa dadu 3. Goblini, zimwi dogo, anajikinga kwa dadu 1. Uwezekano wa kumlaza pigo la kwanza ni asilimia 81. Orki mwenye dadu 2 za kinga: asilimia 75 kamili, pigeni wenyewe muone inavyotoka bila desimali. Mchawi na dadu yake moja mbele ya goblini huyo huyo ni asilimia 42 hivi, ndiyo maana mchawi siku zote yuko nyuma ya mbilikimo.

Nadharia yangu: umepangiwa kushinda mara nyingi, lakini ile robo ya kukosa haikosi kuja siku umebakiza uhai mmoja. Hapo ndipo watu wanasimama kwenye viti. Gemu nyingi mpya ukirusha dadu unaanza kujumlisha, unatoa, unaangalia jedwali. Hapa fuvu ni fuvu, hata asiyejua kusoma anaelewa.

#12 BintiTabata
Mwalimu umetisha. Na kweli, sisi hata gagoli (zimwi la jiwe lenye mabawa) la mwanzoni kabisa, yule Verag, lilikuwa likipigwa moja tu linalala.

#13 Dadu za Mwenge
Hiyo chai dada. Gagoli lina uhai 3. Nina boksi hapa mezani, nimesoma kadi yake sasa hivi. Baba yako alikuwa anawahurumia.

#14 BintiTabata
Pigo moja. Na baba yangu hakuwa na huruma hata kidogo, muulize kaka.

#15 Maktaba ya Upanga
Msigombane, kila mtu anasoma boksi lake. Toleo la kwanza la Ulaya, mazimwi yote yana uhai 1. Lilipovuka kwenda Marekani 1990 wakabadilisha: mumia 2, shujaa wa giza 3, gagoli 3. Toleo jipya la Avalon Hill la 2021 limefuata la Kimarekani. BintiTabata, boksi la mjomba lilitoka Uingereza, na nina hakika adui yenu alikuwa anaitwa Morcar. Huyo Zargon uliyemtaja kwenye #10 ni wa Marekani, umemjulia ukubwani.

#16 BintiTabata
Morcar! Baba alikuwa anamwita Moka, tulidhani ni kahawa.

#17 Mzee wa Namua
Marahaba binti. Mnaona lakini, hata sheria zenyewe kila nchi na zake. Bao toka Lamu mpaka Kilwa tunakaa chini tunaelewana.

#18 Sina Haraka
Mzee, kwa kutania tu: mtu wa Unguja na wa Mrima mnaelewana bila kubishana kwanza nusu saa?

#19 Mzee wa Namua
Kubishana ndiyo bao lenyewe.

#20 Kungwi Mstaafu
Nadhani mnazunguka mbuyu. Angalieni wanavyokaa. Mmoja anajua kila kitu kilichomo ndani, wengine hawajui. Anawafunulia chumba kwa chumba, kwa sauti yake, kwa kasi yake. Akitaka kuwatisha ananyamaza kidogo kabla ya kuweka kinyago cha zimwi mezani.

Sisi tumelelewa hivyo. Bibi akisema paukwa, mnaitikia pakawa, halafu mnakaa kimya kusubiri nunda mla watu atoke porini. Mnajua atatoka. Hamjui atatoka wapi. Pale watoto wa Kijitonyama hawakumbuki 1989, wanaikumbuka sauti ya msimuliaji hata kama hawajawahi kuisikia vizuri, maana siku hizi bibi yuko Singida na wao wako na simu.

#21 Dadu za Mwenge
Kungwi hapo umepiga kwenye mshono.

#22 Kadi Siyo Dadu
Ngoja niwe adui wa uzi huu.

Kungwi, kama ni simulizi, Gloomhaven, gemu ya mahandaki ya Isaac Childres (2017), ina simulizi za kumwaga, mapambano 95 kwenye boksi, mji unaobadilika, bahasha zilizofungwa unafungua kwa zamu. Mwalimu, kama ni msisimko, kule hakuna dadu kabisa, unacheza kadi mbili kila raundi na kila kadi inakuuma kuitoa. Descent, nyingine ya mahandaki ya 2005, nayo ilikuwa na vinyago vya kutosha, BintiTabata. Vitu mnavyovisifia viko sehemu nyingine, na vimefanywa vizuri zaidi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu HeroQuest. Unarusha dadu mbili ndipo ujue utatembea hatua ngapi. Umetoa 2, umebaki koridoni unatazama wenzako wakipigana. Ukinunua deraya ya chuma kamili unarusha dadu moja, hapo ndiyo umekuwa konokono. Kila chumba mnasema maneno yale yale: natafuta hazina, natafuta mtego, natafuta mlango wa siri. Na hiyo asilimia 81 ya Mwalimu ndiyo ugonjwa wenyewe, ukizoea kidogo mashujaa hawashikiki, mwenye mahandaki anabaki kuwa mhudumu wa kuweka na kuondoa vinyago.

Kinachoipa jina ni uhaba. Iliacha kuchapishwa miaka mingi, maboksi ya zamani yakapanda bei, watu wakaanza kuisimulia kama pepo waliyofukuzwa. Hasbro, wenye gemu hiyo sasa, walipofungua mchango wa kuichapisha upya 2020 walitaka dola milioni 1, zikaingia zaidi ya milioni 3. Hao wote walikuwa wananunua kitu walichonyimwa.

#23 Chizi wa Keramu
Adui wa uzi ana hoja lakini Gloomhaven ina karibu kilo 10 mkuu. Hiyo unaagiza kwa ndege au kwa meli ya mkaa?

#24 Dadu za Mwenge
Usiseme. Mimi nilimwagizia binamu gemu moja kubwa ya aina hiyo. Kusafirisha kulizidi bei ya gemu, ilipofika nikatakiwa nieleze ni kitu gani. Nikasema ni mchezo. Yule bwana akafungua boksi, akaona mafuvu, akanitazama usoni, akaita mwenzake. Nimetoka pale jioni.

#25 Baba Wawili wa Mbagala
Wakuu salaam. Nasoma kimya kimya, #22 umenitoa.

Mimi sina boksi. Nilipiga picha ubao wa rafiki yangu, nikachapisha stationari karatasi kubwa nikaibandika kwenye plaiwudi. Mazimwi ni vizibo vya soda nimeandika herufi kwa maka peni, vile vile tunavyochezea drafti. G goblini, O orki, M mumia. Dadu ni za ludo: 1 hadi 3 fuvu, 4 na 5 ngao nyeupe, 6 nyeusi. Kwa hiyo uhaba haunihusu, sikulipa cha maana, na sikuwahi kuiona nikiwa mtoto.

Wanangu hawanipi nafasi. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, taa ya kuchaji katikati, "baba leta handaki". Na nimeshajua wanachokipenda. Wanapenda kunipiga. Nyumbani baba ndiye anasema zima TV, kaoge, lete ripoti ya shule. Kwenye ubao mimi ndiye Zargon, wao wako upande mmoja, na wana ruhusa kunishinda na kunicheka. Kadi Siyo Dadu anasema mashujaa wanashinda mno. Ndugu yangu, una watoto? Acha washinde mno.

#26 Kadi Siyo Dadu
Sina watoto mkuu. Lakini kwa hoja hiyo hata kumkimbiza baba na kandambili ingedumu miaka 30.

#27 Baba Wawili wa Mbagala
Inadumu. Jaribu.

#28 BintiTabata
Baba Wawili, bila fanicha mnaonaje lakini? Vizibo vitupu?

#29 Baba Wawili wa Mbagala
Mwanzoni tulikuwa tunaandika tu "meza". Baadaye mdogo akatengeneza meza na makabati kwa viberiti, akapaka rangi ya kiatu. Sasa hataki kuanza kabla hajayapanga pembeni.

#30 BintiTabata
Ushahidi umejileta wenyewe. Nimemaliza.

#31 Mtumishi
Wapendwa, mnaingiza mapepo majumbani kwa jina la michezo. Mafuvu, majeneza, wachawi. Mtoto anaanza na plastiki anamalizia wapi?

#32 Kungwi Mstaafu
Mtumishi tunakuheshimu. Ila mle wachawi wabaya wanapigwa mpaka wanatoka. Ungekuja siku moja ukashika upanga.

#33 Chizi wa Keramu
Mtumishi apewe mbabe, akili 2 tu lakini mwili 8. Hatazamwi.

#34 Mwalimu wa Namba
Narudi kwa Baba Wawili. Nadharia ya kumpiga baba ni tamu ila ina shimo. Toleo jipya lina programu ya simu inayofanya kazi ya Zargon, watu wote wanakuwa mashujaa, hakuna baba wa kupiga. Na bado kuna watu wanacheza hivyo na wanafurahi. Shimo hilo hilo linamhusu Kungwi, maana simu haijui kunyamaza kabla ya kuweka kinyago.

#35 Kungwi Mstaafu
Hao wanaocheza na simu wanafurahi kwa sababu hawajakutana na mimi.

#36 Mlango wa Tatu
Wakuu nashukuru, uzi umechangamka kuliko nilivyotarajia. Ila bado sijaridhika na yeyote, mnisamehe.

Kuna jambo sikulisema. Wale watoto wa Kijitonyama wanaomba kurudia pambano lile lile ambalo wameshalicheza. Wanajua nyuma ya mlango upi kuna mumia. Wanajua sanduku lipi lina mtego. Sasa Kungwi, wewe umesema utamu uko kwenye kutojua. Hawa wanajua! Mwalimu, dadu zinabadilika sawa, lakini wao hawabishanii dadu, wanabishania nani afungue ule mlango. Kuna mmoja alilia kwa sababu mwenzake alimtangulia kufungua mlango wa chumba ambacho wote wanajua kilichomo.

Mnieleze hilo.

#37 Kungwi Mstaafu
Hadithi ya nunda bibi aliirudia mara ngapi? Na tulimkatisha akikosea neno. Aliyelia anataka awe yeye anayesema "fungua". Hilo halipingani na nilichosema.

#38 Kadi Siyo Dadu
Linapingana kabisa, ila naona hutakubali.

#39 Mzee wa Namua
Huyo aliyelia namwelewa. Kwenye bao kuna mtu anakula nyumba ya mwenzake, lile shimo lenye kete nyingi, kwa hesabu ambayo kijiwe kizima kimeiona kabla yake. Wote tunajua atapita wapi. Lakini mkono wa kumwaga kete ni wake, na ole wako umsemee.

Siyo kwamba nimewakubalia dadu zenu.

#40 Sina Haraka
Kahawa imeisha, Mzee wa Namua amelainika. Siku njema.

#41 Fundi Patasi
Mada imenikuta kazini. Kuna mteja ameniletea picha za hivi vinyago anataka nimchongee seti nzima kwa mpingo. Chesi tunachonga kila siku lakini hizi sijawahi. Goblini nimemaliza, misukule nimemaliza, na mteja kasema ni wazuri kuliko wa plastiki. Mpingo ni mzito, ukiuweka mezani unasikika.

Nimewaza kitu: kwa nini tusifanye la kwetu? Handaki lenyewe liwe mapango ya Amboni, mawe ya chokaa yale, popo badala ya panya. Nunda awe zimwi la mwisho.

#42 Maktaba ya Upanga
Na Liyongo awe shujaa. Ila mtamwandikiaje kadi? Hapigiki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni.

#43 Mwalimu wa Namba
Kinga dadu 6, shaba inafuta zote. Rahisi.

#44 Chizi wa Keramu
Na mwanawe ndiye aliyemchoma. Kwa hiyo Baba Wawili wa Mbagala kaa chonjo, hao watoto wamekwishaanza mazoezi.

#45 Baba Wawili wa Mbagala
Sindano zote nimeficha juu ya kabati. La kweli, siyo la viberiti.

#46 Kadi Siyo Dadu
Mkitengeneza hilo la Amboni, tafadhali msiweke kutembea kwa dadu. Hilo tu naomba.

#47 Dadu za Mwenge
Tutaweka dadu tatu kwa ajili yako.

#48 Fundi Patasi
Samahani nawakatisha, mteja hapokei simu na nimeshika patasi. Huyu anayeitwa Fimir ana jicho moja au mawili? Picha imeloa.

#49 BintiTabata
Moja fundi. Na mkia usiusahau.